Ua Jekundu na Asumini

Jumapili ya pili ya Novemba ilinikuta Gatina, Kawangware, kwa mpwa wangu. Tulikuwa mlangoni twanywa kahawa alipofika jirani yake, mzee aliyekula chumvi nyingi, koti jeusi, na kifuani ua jekundu la karatasi. Alitoka makaburi ya wanajeshi ya Barabara ya Ngong, kumkumbuka babake, askari wa King's African Rifles aliyepigana Bama mwaka 1944.

"Mwalimu, wewe ni mtu wa mashairi," akaniambia. "Ua hili linasifu vita, au linawalilia waliokufa?"

Swali hilo, msomaji wangu, limewagombanisha wenyewe Waingereza. Ua la popi (jamaa ya mmea utoao afyuni, lakini hayo tuyaache) lilianza kuuzwa kwao mwaka 1921 kuwasaidia askari waliorudi vitani. Mwaka 1933 wanawake wa chama cha ushirika, miongoni mwao wajane na mama waliofiwa na wana, wakatoa ua jeupe: kuwakumbuka wafu wote na kuvikataa vita vyenyewe. Walitukanwa, na wapo waliopoteza kazi kwa ajili ya ua.

"Na babu yangu?" akauliza mzee.

Babu yake alichukuliwa kuwa mpagazi wa Kariakoo katika vita vya 1914 hadi 1918. Alibeba mizigo kuingia Tanganyika, hakurudi. Kaburi hana. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina, na huenda wengine hawakukumbukwa kabisa. Mtu aliliwa na vita, na jina lake likaliwa naye.

Mpwa wangu, aliyekuwa kimya, akasema: "Hapa, Januari 2008, jina ndilo tulilokuwa tukiulizwa njiani. Ukijibu vibaya, hupiti."

Mzee akainama. Wao wawili wanajua nani alimfungulia mwenzake mlango siku zile. Mimi sikuuliza.

Nilikuwa nimemletea asumini kutoka Mombasa, nimezifunga kwa jani la mgomba. Kwetu huvaliwa harusini na Idi. Akachukua chache, akazitunga kwa uzi, akampa mzee.

"Hizi za babu."

Hakulivua lile jekundu. Alizibana kando yake kwa pini ile ile, kisha akaomba kahawa.