Kimo, Damu na Maji Mazito: Lishe ya Mtoto Inavyopimwa

Udumavu haujitangazi. Mtoto wa miaka mitatu mwenye kimo cha wa miaka miwili huitwa tu "mfupi wa ukoo", hata Mgeta, upande wa milima ya Uluguru unaojaza masoko ya Dar es Salaam kabichi na karoti. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa.

Utepe wa rangi tatu unaozungushwa mkono wa juu hugundua ukondefu: kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Udumavu unahitaji ubao. Aliye chini ya miaka miwili hulazwa, magoti yakibanwa taratibu. Mkubwa husimama peku, visigino vikigusa ubao. Kulala humwongezea mtoto kama milimita 7, na msuko uliosimama utosini huongeza zaidi, kwa hiyo mpimaji makini huomba ufumuliwe, mama apende asipende.

Kipimo hulinganishwa na viwango vya Shirika la Afya Duniani vya 2006, vilivyotokana na watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani. Walipolishwa na kutunzwa vizuri, walikua karibu sawa. Hoja ya ukoo ikapwaya. Wa miaka 5 hadi 19 hutumia jedwali la 2007 la uwiano wa uzito na kimo kwa umri, ingawa kwa kijana kuwahi au kuchelewa kubalehe huvuruga usomaji.

Tone la damu ya kidoleni huonyesha hemoglobini. Hapa mlima huleta hila yake: Nyandira, huko Mgeta, iko juu ya mita 1,500, Morogoro mjini kama 500. Kwenye hewa nyepesi mwili huongeza hemoglobini, hivyo jibu la mtoto wa mlimani lisipopunguzwa kidogo, upungufu wake wa damu hupita bila kuonekana.

Mafuta na misuli mizani haivitenganishi. Watafiti humnywesha mtoto maji yenye deuteri, hidrojeni nzito isiyo na mionzi, kisha hupima mate yake saa chache baadaye. Deuteri ikizimuka sana, maji ya mwilini ni mengi. Na kwa kuwa mafuta hayabebi maji, kiasi cha mwili usio mafuta, misuli ikiwemo, hukokotolewa. Ikiongezwa oksijeni nzito, mkojo wa siku kadhaa hueleza nishati iliyotumika. Kwa njia hiyo, matokeo ya 2012 yalionyesha kwamba Wahadzabe watu wazima wa Ziwa Eyasi, pamoja na kutembea kutwa, hutumia nishati karibu sawa na Wamarekani wa maumbo yaleyale.