Ibara Iliyojificha

Jirani yangu hapa Machakos, kijana asomeaye uhandisi, alikuwa na kompyuta ya mtumba iliyonasa waifai pale tu alipoketi ubavuni mwa ruta. Akiihamishia barazani, ambako jioni hupunga upepo wa vilima vya Iveti, mawimbi hutoweka.

Kompyuta hiyo huendeshwa na Linux, ambayo kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991. Na kwa kuwa si hekima kiini kibebe daima maarifa ya kila chombo kilichoundwa duniani, aghalabu maarifa hayo hugawanywa katika moduli, ziitwazo panapokuwa na haja. Mwitaji ni amri ya modprobe, ambayo, kinyume cha insmod ipakiayo faili moja tu iliyoonyeshwa, husoma kwanza orodha iliyotayarishwa na depmod, ikajua kwamba, kwa mfano, rtl8723be, moduli ya waifai ya kompyuta ile, haisimami pasipo rtlwifi na mac80211, ikazitanguliza hizo.

Ndani ya kompyuta ile antena ilikuwa moja, nayo imechomekwa katika tundu ambalo moduli haikulitazamia. Kijana, baada ya kuuliza huku na huku, aliandika katika faili moja ya /etc/modprobe.d mstari huu: options rtl8723be ant_sel=2. Kisha, kwa mamlaka ya msimamizi, akaamuru modprobe rtl8723be. Kimya. Akarudia mara nne, kimya kile kile, na waifai dhaifu vile vile.

“Mzee,” akaniambia, “hii mashine imeniroga.”

Tukaufungua mwongozo kwa man modprobe, tukausoma polepole kama wasomao hati ya shamba. Jawabu lilikuwemo: moduli ikiwa imekwisha kupakiwa, modprobe huhesabu kuwa imefaulu, isifanye lolote. Walakini ibara hiyo imewekwa chini ya chaguo liitwalo --first-time, ambalo mtu mwenye shida ile hana sababu hata chembe ya kulitazama! Kijana akaiondoa moduli kwa modprobe -r, akaipakia upya, kisha akaibeba kompyuta mikononi hadi barazani, macho hayabanduki kwenye kioo, na mawimbi yakamfuata.

Kwa rai yangu, mwongozo ule hauna upungufu wa ilimu. Umepangwa kwa utaratibu wa programu, si wa taabu ya msomaji, na hata ukitafsiriwa kwa Kiswahili fasaha kesho, ibara iliyokaa pasipo pake itabaki pasipo pake. Ipandishwe juu, karibu na maelezo ya options, pamoja na mfano mmoja wa kuondoa na kupakia, na neno la kumwelekeza mtu kwa modinfo, ionyeshayo majina ya vigezo vya kila moduli. Kazi hiyo haimhitaji bingwa wa kiini, kwani msimbo wa kmod, mradi utoao modprobe, uko wazi kwa yeyote, na miongozo yake imo humo humo.

Juzi nilimkuta barazani akitunga sahihisho la mistari miwili, akifuta na kuandika tena, chai imempoa.