Jembe la Dukani, Mpini wa Porini

Mtu wa Kewanja anunuapo jembe katika maduka ya Nyamongo, hununua chuma peke yake. Mpini haumo katika bei, wala hakuna muuzaji mwenye akili timamu athubutuye kumchongea mpini mtu asiyemjua, kwa kuwa urefu wa mkono, nguvu za bega na mazoea ya kiganja ni mambo yasiyoweza kujulikana kiwandani. Mnunuzi huingia porini na panga lake, akachagua mti mgumu usio na fundo, akauchonga na kuukausha, akautia katika jembe, na baada ya siku mbili tatu za kulima, malengelenge yakishamwonyesha mahali palipozidi, akaupunguza tena. Nimeanza na jembe ilhali nimekusudia kueleza habari ya kompyuta, kwa sababu tangu nilipoanza kazi ya kuchapa barua za watu katika steshenari yangu ndogo hapa kijijini, jirani na mgodi wa North Mara, sijapata mfano mwingine unaolifikia jambo lenyewe.

Programu za kuandikia ambazo wengi wetu tumezizoea ni kama nyumba ya kupanga: milango ipo pale alipoiweka mjenzi, na mpangaji akitamani dirisha upande wa mashariki hana budi kungoja hisani ya mwenye nyumba, ambaye aghalabu yuko ng'ambo na hana habari naye. Lakini ipo jamii nyingine ya programu, iitwayo vihariri vinavyopanuka, na mashuhuri katika jamii hiyo ni Emacs, ambayo ilizaliwa mwaka 1976 katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, nchini Marekani. Hapo kale watumiaji wa kihariri kilichoitwa TECO walikuwa wamejitungia amri za mkato, kila mtu zake, hata ikawa mmoja akikaa kwenye mashine ya mwenzake haelewi afanye nini. Richard Stallman, akisaidiana na Guy Steele, alizikusanya amri hizo na kuzitia katika utaratibu mmoja, na jina la Emacs likatokana na maneno yenye maana ya amri za mkato za kuhariri. Mwaka 1985 Stallman alitoa GNU Emacs, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuigawa na kuibadilisha, na ndani yake akatia lugha ya Lisp, ambayo asili yake ni kazi ya John McCarthy ya mwaka 1958.

Ajabu ya kihariri hiki, nayo ndiyo iliyonishika, ni kwamba kila jambo kifanyalo lina amri yenye jina. Hata ukibonyeza herufi moja ikatokea kwenye kioo, hiyo ni amri imeitwa ikaitika. Na amri ambayo mimi, karani wa kijijini, nimeitunga jana usiku huketi baraza moja na zile walizotunga wataalamu wenyewe, bila ya kuwekwa kando katika mkeka wa wageni.

Mfano wa amri hizo ni saa. Watu wanaokuja kuchapisha matangazo ya mikutano husema saa nne asubuhi, ilhali kompyuta, iliyolelewa kwingine, husema saa kumi. Na nimeona tangazo lililowafikisha watu wawili wa mkutano mmoja mahali pamoja kwa nyakati mbili mbalimbali. Nikaazimia kuifundisha mashine yangu saa ya kwetu. Nilifungua mabano, nikaandika neno defun, ambalo katika Lisp ni tangazo la kwamba jambo jipya linazaliwa. Nikafuatisha jina, nalo nililiandika kwa Kiswahili, saa-ya-kwetu, na mashine haikunung'unika hata kidogo. Kisha nikaweka mabano mawili yasiyo na kitu ndani, dalili kwamba amri hii haihitaji kupewa chochote. Kisha sentensi moja baina ya alama za kunukuu, inayoeleza kazi yake. Kisha neno interactive, ambalo ni kama kibali cha kuiruhusu amri iitwe na mtu aliyeketi mbele ya kibodi, badala ya kuitwa na amri nyingine tu. Baada ya hayo ndipo ilipokuja hesabu: chukua saa ya kompyuta, toa sita, na kinachosalia ukigawe kwa kumi na mbili upate baki. Nilikisogeza kishale hadi baada ya bano la mwisho, nikashika Ctrl nikabonyeza x na kisha e, na papo hapo, bila ya kuizima mashine wala kuiwasha upya, amri ikawa hai. Nilibonyeza Alt pamoja na x, nikaandika jina lake, na kihariri kikaandika katika barua: saa 4 asubuhi.

Furaha yangu ilidumu hadi jioni. Magharibi ilipoingia niliiita tena, ikaniandikia saa 0 jioni, saa ambayo hapana jogoo aliyepata kuiwikia wala mzee aliyepata kuitaja tangu dunia kuumbwa. Maana kumi na nane ukitoa sita hubaki kumi na mbili, na kumi na mbili ukigawa kwa kumi na mbili hakibaki kitu. Niliongeza sharti moja, kwamba jibu likiwa sifuri basi iandikwe 12, nikaihifadhi katika faili ambalo kihariri hulisoma kila kinapofunguliwa, kwa sababu amri isiyohifadhiwa humo hufa pindi kihariri kinapofungwa.

Hapa msomaji huenda akasema kwamba haya ni mambo ya mainjinia. Naomba nimjibu kwa kisa alichokisimulia Stallman mwenyewe. Mnamo mwaka 1978 Bernard Greenberg alitunga Emacs nyingine, ya mfumo wa kompyuta ulioitwa Multics, akaitunga kwa Lisp, na makatibu muhtasi wa ofisini kwake wakaanza kuitumia. Walipewa kitabu cha maelezo kilichofundisha namna ya kukipanua kihariri hicho, lakini kitabu hakikusema mahali popote kwamba kufanya hivyo ni kutunga programu. Basi wale makatibu, ambao kwa itikadi yao kutunga programu kulikuwa kazi isiyowahusu, hawakushtuka, wakajifunza wakatunga. Mimi naona kisa hiki kinatutosha sote tunaochapa kazi za watu. Kilichotuzuia ni jina la kazi, si kazi yenyewe.

Lakini nisimfiche msomaji fedheha yangu, maana amri hutii hata pale mtoa amri alipokosea. Majina ya Wakurya huandikwa kwa namna mbili: upande wetu wengi wanaandika Bhoke, Ghati na Rhobi, kwa kuwa h hiyo ndiyo inayokumbusha ulimi jinsi herufi ile inavyolainika kinywani, na ng'ambo ya mpaka wa Sirari, kwa ndugu zetu wa Kenya, aghalabu utaona Boke, Gati na Robi. Nilikuwa naletewa orodha za vikundi vya kuweka na kukopa, ambamo mwanamke mmoja ameandikwa Gati katika ukurasa wa michango na Ghati katika ukurasa wa mikopo, na mhasibu asiyemjua akidhani ni watu wawili, balaa ya mkutano wa kikundi si ya kusimuliwa. Nikatunga amri ya kuyasawazisha majina yote matatu kwa mkupuo mmoja. Katika orodha ilifanya kazi yake kwa uaminifu. Kisha, kwa kuridhika na nafsi yangu, nikaitumia katika barua ya mama mmoja aliyekuwa akimwandikia mwanawe.

Mama yule aliipokea karatasi, akaisoma polepole na kidole chake kikifuata mistari, akasimama.

"Mwanangu, hii Nairhobi ni mji gani tena?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimeandika robi kwa herufi ndogo, na Emacs ikiona neno la kutafutwa limeandikwa lote kwa herufi ndogo huhesabu herufi kubwa na ndogo kuwa sawa, ikatafuta kila mahali, ikamkuta Robi, na ikamkuta vilevile katikati ya jiji la Nairobi. Gati la bandari ya Musoma nalo, katika barua nyingine, likawa ghati. Dawa yake ni kuweka mipaka ya neno, yaani kuiambia amri kwamba kabla ya herufi ya kwanza na baada ya herufi ya mwisho pasiwe na herufi nyingine. Na kwa neno kama gati, ambalo ni jina la mtu na ni jina la mahali pa kufungia meli, hata mipaka haitoshi, ni lazima amri isimame mbele ya kila moja na kuuliza: nibadilishe, nisibadilishe? Emacs inayo amri ya kuuliza namna hiyo, nami sasa yangu imejengwa juu ya hiyo. Mama nilimchapia upya bure.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili kimekwisha kuingia katika kompyuta zamani, na ni kweli: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kiofisi yenye menyu za Kiswahili, na heshima yao haipungui. Lakini kutafsiri menyu ni kuliandika jembe la dukani jina la Kiswahili. Amri niliyoitunga mwenyewe ninaipa jina nilitakalo, na ile sentensi niliyoiweka baina ya alama za kunukuu ndiyo kinayoisoma kihariri mtu anapokiuliza amri hii ni ya nini. Hujibu kwa Kiswahili cha Kewanja, kwa sababu hicho ndicho kilichotiwa. Hata vitufe vimewekewa haki hiyo: kwa desturi ya watunzaji wa Emacs, Ctrl na c ikifuatwa na herufi moja ni miliki ya mtumiaji, na programu nyingine zimekatazwa kujenga humo. Ila nitoe hadhari moja. Amri ya kupewa na mtu usiyemjua usiitie katika faili lako kabla ya kuisoma, maana amri iwezayo kuandika yaweza pia kufuta.

Binti anayenisaidia dukani alitunga amri yake ya kwanza mwezi uliopita. Katika wilaya zetu hizi, ambamo wizi wa mifugo umeacha makovu mengi, ng'ombe asiye na karatasi humtia mwenyewe mashakani, kwa hiyo hati za mauziano ni kazi ya kila juma. Alijifunza kwamba baada ya neno interactive anaweza kuandika maswali, na amri itayauliza kabla ya kuanza: rangi ya ng'ombe, chapa, masikio yamekatwaje, bei, shahidi ni nani. Akaiita ngombe, bila ya ritifaa, akaifunga katika Ctrl na c kisha n. Siku ya kwanza alimsomea mzee mmoja maswali yale kwa sauti, moja baada ya jingine jinsi yalivyokuwa yakitokea chini ya kioo, na mzee akayajibu yote kwa utulivu, hadi lilipofika lile la shahidi, akainama kuitazama mashine.

"Huyu naye," akasema, "anauliza kama mwenyekiti wa kitongoji."