Kuuza kwa Simu: Mpango Umfuate Mtumiaji

Katibu wa chama cha wafuga nyuki au wasusi wa vikapu, Kibondo ama Kasulu, akiletewa programu ya kuuzia bidhaa kwa simu, yampasa aulize kwanza imepangwa kwa kumfuata nani.

Mwaka 2005 Safaricom ya Kenya ilianza kuijaribu M-Pesa kwa wakopaji wachache, ili warejeshe mikopo kwa simu. Wakopaji wale wakaitumia kutumiana fedha wao kwa wao. Wenye mpango hawakuwakemea, bali waliupanga upya. Ulipozinduliwa Machi 2007, kazi yake kuu ilikuwa kutuma fedha. Tanzania iliupata mwaka 2008.

Kwetu, msusi mwenye simu ya vitufe hafikiwi na programu inayodai intaneti na picha nzito. Humfaa huduma ya kubonyeza namba, nyota na reli. Mnunuzi wa Dar es Salaam naye ataka kuona kikapu, bei na nauli ya mzigo kabla hajalipa. Mpango mmoja, basi, wahitaji milango miwili.

Yapo pia makato. Asali ikiuzwa shilingi 10,000, mwanachama huhesabu 10,000. Makato yasipoonyeshwa mapema, katibu ndiye atakayeulizwa mkutanoni (wala hataaminiwa upesi). Malipo yaingie katika namba ya chama, si ya katibu, na yaandikwe daftarini siku ile ile.

Kabla ya kutia sahihi mkataba, mpeni simu mwanachama asiyeizoea programu hiyo, ajaribu kuuza lita moja ya asali, nanyi mtazame kimya anapokwama.