Harufu Mbaya ya Nguo Wakati wa Mvua

Katika nchi yetu ya Rungwe mvua si mgeni. Mjini Tukuyu na miteremkoni mwa mlima hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mwezi wa Aprili hushinda miezi mingine. Hata mvua ikipungua, mwezi wa Juni na Julai huja na baridi na ukungu. Basi nguo iliyofuliwa Jumatatu huweza kuwa mbichi hata Alhamisi, na Jumapili, watu wakikaa bega kwa bega kanisani, uvundo husikika.

Neno hili laonekana dogo, walakini si dogo. Mtoto achekwaye kwa ajili ya shati lake huanza kukaa nyuma darasani, kisha hutoroka shule. Na mama mwenye vazi moja tu huona haya kuijia meza ya Bwana. Kwa hiyo yafaa tujue asili ya harufu hiyo.

Jasho jipya halina harufu kubwa. Lakini ziko bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hula jasho na mafuta ya mwili, na mabaki yao ndiyo yanukayo. Mwaka 2012 wataalamu wa Ujapani walionyesha kwamba kijidudu kimoja, Moraxella osloensis, ndicho hasa kileta uvundo katika nguo zilizokaushwa ndani ya nyumba. Hicho huvumilia ukavu. Kwa hiyo nguo iliyoonekana safi hunuka tena ikipata unyevu. Kitambaa nacho kina neno lake. Mwaka 2014 wataalamu wa Ghent, Ubelgiji, walizichunguza fulana za watu 26 waliofanya mazoezi, wakaona kwamba zile za poliesta zilinuka kuliko za pamba.

Sasa tufanyeje? Kwanza, nguo yenye jasho isikunjwe wala kutiwa kapuni, bali itundikwe ipate hewa. Pili, ifuliwe kwa sabuni na kusuuzwa hata maji yatoke safi. Tatu, nguo nyeupe za pamba zichemshwe; za poliesta zisichemshwe, bali ziloweshwe nusu saa katika maji yenye siki kidogo, kisha zifuliwe. Lakini angalieni sana: siki au ndimu isichanganywe kamwe na dawa ya klorini, maana hutoka hewa yenye sumu.

Nne, nguo zikauke upesi. Mvua ikinyesha, zianikwe upenuni penye upepo, zikiachana. Juu ya meko si mahali pake, maana huko hutoka na harufu ya moshi. Jua likichomoza, hata kwa saa chache, zitolewe nje. Miale yake huua vijidudu vingi. Pasi ya mkaa nayo humaliza unyevu, lakini isitumiwe katika chumba kilichofungwa, kwa kuwa hewa ya mkaa huweza kuua mtu bila yeye kuisikia.

Someni tena Walawi, sura ya 13. Vazi lenye doa la kuharibika halikutupwa mara moja. Kuhani alilitazama, akaliweka kando siku saba, akalitazama tena. Doa likiwa limeenea, vazi liliteketezwa. La halikuenea, lilifuliwa. Ikiwa vazi lilipewa siku saba, je, mtoto wa jirani asipewe hata swali moja la upole?

Enyi walimu, msimtaje mtoto mbele ya wenzake. Mwiteni kando, mwulizeni kama nyumbani kuna sabuni na kama ana nguo ya kubadili. Mara nyingi mtaona kwamba uvivu haumo, bali upungufu. Nasi tulio na vipande viwili vya sabuni, tupeleke kimoja kwa jirani jioni, pasipo maneno mengi. Yakobo katika sura ya 2 ya waraka wake aliwaonya wale waliompa tajiri kiti chema na maskini mwenye mavazi mabovu wakamsimamisha. Jumapili ijayo, mwenye vazi baya akiingia, tumsogelee, tusimkimbie.