Mlango wa nyuma umelegea? Soma hapa kabla hujang'oa keria ya spea

Anayepandisha RAV4 ya mwaka 1999 kutoka Masasi mjini hadi Chidya anaujua ule mlio. Kong, kong, kong, kila tairi la nyuma linapoingia shimoni. Abiria wa siti ya nyuma anageuka, anautazama mlango, anarudisha macho mbele. Mlango haujafunguka. Bado.

Mara nyingi mlio huo unatoka kwenye keria ya spea, kile chuma kilichofungwa kwenye mlango wa nyuma ili kibebe tairi la akiba. Gari likishatimiza miaka ishirini na ushee kwenye barabara za vumbi, chuma hicho kinalegea, kinakula kutu na kuuvuta mlango chini. Hapo mwenye gari anaanza kujiuliza: si tuitoe tu?

Inatoka, tena kwa magari mengi ni kazi ya nusu siku. Shida ni kwamba wengi wanaitoa kwa haraka, kisha wanabaki na mashimo yanayoingiza vumbi, taa ya breki isiyowaka na tairi linalocheza ndani ya gari kama ng'ombe aliyekata kamba.

Magari yanayohusika

RAV4 za mwanzo, zilizotoka 1994, ndizo zinazoongoza. Ikaja ya 2000, ambayo Watanzania waliibatiza Kilitime, na baadaye ile ya Miss Tanzania. Nyingi kati ya hizo mlango wa nyuma unafunguka kwa pembeni kama mlango wa chumbani, na spea imepanda juu yake. Ni kwenye toleo la 2013 ndipo mlango ulianza kufunguka kwenda juu na spea ikahamia ndani.

Prado za 90, zilizotengenezwa kati ya 1996 na 2002, zina mpango uleule. Suzuki Escudo, Pajero za zamani na Land Rover Defender nazo zimo. Land Cruiser za 80 kwa kawaida hazina habari hii, spea yake inakaa uvunguni.

Mlango unaanguka kwa sababu gani?

Tairi la RAV4 likiwa na rimu ya chuma lina kama kilo 20 hivi. Tairi la Defender au Hardtop linavuka kilo 30 bila wasiwasi. Uzito huo haukai kwenye chasisi. Umening'inia kwenye mlango, na mlango wenyewe umeshikwa na bawaba mbili au tatu upande mmoja tu.

Kutoka kwenye bawaba hadi katikati ya tairi ni karibu nusu mita. Hiyo nusu mita ndiyo yenye kesi. Beba ndoo ya maji ukiwa umeikumbatia kifuani, kisha ibebe mkono ukiwa umenyooka mbele. Maji ni yaleyale, bega ndilo linalolia. Bawaba za mlango zinabeba kwa mkono ulionyooka kila siku, na gari likiruka kwenye tuta uzito huo unazidi mara kadhaa kwa sekunde moja.

Kwenye lami laini bawaba zinavumilia miaka mingi. Njia za kupanda uwanda wa Makonde ni kitu kingine: mchanga mwekundu, makorongo baada ya mvua, na msimu wa korosho malori yanazichimba zaidi. Pini za bawaba zinalika, bati la mlango kuzunguka keria linaanza kupata nyufa ndogondogo. Kwa Defender ugonjwa huu ni maarufu dunia nzima. Mlango wake una fremu ya chuma iliyovikwa bati la alumini, na pale metali hizi mbili zinapogusana penye unyevu, alumini inaoza na kuwa unga mweupe.

Kwanza hakikisha mgonjwa ni nani

Fungua mlango nusu. Shika ukingo wa upande wa kitasa, uinue juu taratibu kwa mikono miwili, kisha uachie. Ukisogea juu na chini, bawaba zimelika. Ukitulia, shika tairi lenyewe ulitikise. Likicheza tairi na mlango umetulia, shida ni nati za spea au boliti za keria, na huenda dawa ni kukaza tu. Kuna watu wameng'oa keria nzima kwa sababu ya nati moja iliyolegea.

Angalia pia kile chuma cha umbo la U kwenye fremu ya gari ambacho kitasa kinakishika. Kikiwa kimekwaruzwa upande wa juu au rangi yake imetoka, mlango umeshashuka.

Bawaba zikiwa zimekufa, kutoa spea kutapunguza maumivu lakini hakutazifufua. Pini na bushi zinabadilishwa, na hilo lifanyike kabla ya kufikiria rangi.

Spea itakaa wapi?

Hili linapaswa kujibiwa kabla fundi hajashika spana. Chidya si Kariakoo. Gari binafsi huku ndilo linaloitwa saa nane usiku mjamzito akizidiwa, kumpeleka Mkomaindo pale Masasi au hospitali ya Ndanda. Ndilo linalobeba wanafunzi wanaorudi sekondari ya Chidya wakiwa na masanduku yao. Pancha katikati ya njia, mvua ya Januari inanyesha, spea imebaki nyumbani nyuma ya banda la kuku: hapo hakuna cha kusema kwa mgonjwa.

Kwa hiyo kutoa keria kusiwe na maana ya kutembea bila spea.

Ikikaa ndani, ilale chini kabisa nyuma ya siti na ifungwe kwa mkanda wa kubania mizigo kwenye ndoano za sakafuni. Kamba ya katani haitoshi. Gari likigonga kitu kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, kila kilichomo ndani kinaendelea na mwendo huohuo mpaka kizuiwe, na kilo 20 za tairi zikizuiwa na mgongo wa siti ya mtoto, matokeo yake hayahitaji maelezo.

Juu ya paa inawezekana kama kuna keria imara ya paa, ila uzito wa juu unalifanya gari liyumbe zaidi kwenye kona, na RAV4 za zamani zenyewe ni fupi. Kwenye mteremko wa kushuka Masasi dereva atauona utofauti. Ndani ni bora, hata kama inakula nafasi ya gunia moja.

Njia ya tatu ni kutengeneza mkono wa chuma unaobeba spea kutoka kwenye bampa la nyuma au chasisi, wenye bawaba yake. Wenye Defender na Hardtop wanaufahamu. Gharama iko juu, lakini mlango unapumzika na spea inabaki nje.

Kazi yenyewe

Gari liegeshwe sehemu tambarare, handibreki juu. Kwenye mteremko mlango utakuwa unajifunga au unajifungua wenyewe wakati vidole viko katikati.

Tairi linatoka kwanza. RAV4 nyingi zina nati tatu, na spana yake ni ileile ya magurudumu, namba 21. Suzuki mara nyingi ni 19. Legeza nati zote kidogo kabla ya kuitoa hata moja, kisha mtu wa pili ashikilie tairi kwa chini. Tairi likiangukia mguu uliovaa kandambili, safari ya Mkomaindo inaanza siku hiyohiyo.

Kabla ya kugusa keria, fungua mlango uangalie ndani. Jalada la plastiki au hadibodi linatoka kwa kubinua vishikizo vyake. Tumia kipande cha mti kilichochongwa au bisibisi iliyoviringishwa kitambaa, maana plastiki ya miaka 25 inavunjika kama biskuti. Jalada likitoka utaona mambo mawili muhimu: upande wa pili wa boliti, na nyaya.

Kwenye baadhi ya magari taa ya tatu ya breki, au taa ya namba, imefungwa kwenye keria yenyewe. Toa terminali ya hasi ya betri, kisha chomoa plagi ya taa. Usikate waya. Waya uliokatwa na kufungwa kwa selotepu ndio chanzo cha fyuzi zinazokufa bila sababu miezi mitatu baadaye.

Boliti za keria kwenye Toyota kwa kawaida ni namba 12 au 14. Zilegeze zote nusu mzunguko, anza kuzitoa za chini, ya juu kabisa iwe ya mwisho ili keria ibaki imening'inia na isimwangukie mtu. Zihesabu na uweke kila moja na washa yake.

Boliti zikigoma

Na zitagoma. Hapa ndipo gereji nyingi zinapokimbilia grenda, na hapa ndipo bodi inapoharibika.

Safisha kutu kwa brashi ya waya. Puliza WD-40 au mafuta mengine ya kulegezea kutu, pande zote mbili kama ndani panafikika. Dizeli nayo inafanya kazi, ila polepole. Acha usiku kucha. Asubuhi gonga kichwa cha boliti kwa nyundo mara kadhaa, si kwa hasira, ni ule mgongo wa kuamsha kutu. Tumia soketi yenye pembe sita, maana yenye pembe kumi na mbili inakula kichwa cha boliti kilichochoka.

Ikianza kusogea, usiivute moja kwa moja. Robo mbele, kidogo nyuma, ongeza mafuta, robo tena. Boliti ikikatikia ndani imegeuza kazi ya saa mbili kuwa ya siku mbili.

Wakati mwingine boliti inazunguka lakini haitoki. Maana yake nati iliyochomelewa ndani ya mlango imeachia. Kama jalada limeshatolewa, ishike nati kwa spana kwa ndani. Sasa inaeleweka kwa nini jalada lilitoka mapema.

Moto wa gesi uwe wa mwisho kabisa, na kwa fundi anayejua. Karibu kuna kioo, kuna nyaya, kuna sponji na raba, na tangi la mafuta halipo mbali. Ikibidi kukata kwa grenda, funika kioo na rangi kwa gunia lililoloweshwa. Cheche za grenda zinaingia kwenye kioo na kuacha vidoa vya kahawia ambavyo havifutiki. Na kama kuna kuchomelea popote, betri iwe imetolewa waya, la sivyo kompyuta ya gari inaweza kuungua.

Mashimo yasiachwe wazi

Gari linapotembea, hewa nyuma yake inazunguka na kuacha eneo lenye mgandamizo mdogo. Ndiyo maana kioo cha nyuma kinachafuka kuliko vyote. Tundu lolote la mlangoni linafyonza vumbi ndani, na moshi wa ekzosi unaweza kuingia kwa njia hiyohiyo. Moshi huo una hewa ya sumu isiyo na harufu, na watoto wanaokaa nyuma ndio wa kwanza kuivuta.

Suluhisho rahisi ni kurudisha boliti zilezile, au fupi zaidi, zikiwa na washa ya raba na silikoni kidogo. Hakuna haja ya puti na rangi siku ya kwanza. Faida nyingine: siku ukiamua kuuza gari au kurudisha keria, nyuzi ziko salama. Palipobaki bati tupu, piga rangi ya kuzuia kutu kabla mvua hazijaanza.

Kisha rudisha taa. Kama taa ya breki au ya namba ilikuwa kwenye keria, itafutiwe makazi mapya mlangoni au juu ya kioo, na namba ya gari ionekane vizuri. Trafiki hatapokea maelezo kwamba ilikuwa kwenye keria.

Mlango mwepesi una tabia mpya

Baada ya uzito kuondoka, mlango unaweza kupanda milimita chache na kuanza kugonga kile chuma cha U kwa chini. Legeza skrubu zake, kisogeze kidogo, kaza, jaribu tena mpaka mlango ufunge kwa kusukuma kwa kiganja. Raba za pembeni zilizokuwa zikibanwa na uzito wa spea nazo huenda zikahitaji kusogezwa nje, la sivyo kelele zitarudi kwa sauti nyembamba.

Mkono uliozoea kuvuta mlango mzito nao utaubamiza wiki ya kwanza. Waambie watoto.

Pita na gari kwenye njia yako ya kawaida siku tatu nne, halafu kagua boliti za bawaba na mkanda wa spea. Na upepo wa spea upimwe siku hiyohiyo. Kwenye keria kila mpita njia aliyeligonga tairi kwa kiganja alijua kama limelala. Likiwa limefunikwa na magunia nyuma ya siti, hakuna atakayejua mpaka usiku ambao linahitajika.