Stima na Saratani ya Mifupa

Ukimwambia mtu hapa Nyaramba kwamba stima hutumika kutibu saratani, atakuuliza kama umelewa. Stima tunayoijua ni ya kuwasha taa, na ile inayomuua mtu akigusa waya uliokatika. Lakini hebu nisikilize kidogo.

Kuna saratani inayowapata hasa vijana wa rika letu. Huitwa osteosakoma. Huanzia ndani ya mfupa, mara nyingi karibu na goti, mahali ambapo mifupa hurefuka kwa kasi tunapobalehe. Shida ni kwamba goti la kijana huumia kila siku. Mchezaji wa kandanda akilalamika, ataambiwa ni lile teke la Jumamosi, akandwe kwa maji moto. Maumivu ya teke huisha. Haya mengine huzidi, humwamsha mtu usiku, na uvimbe haupungui hata akikandwa vipi. Huyo si wa kukandwa, ni wa kupigwa picha ya eksirei, kwani seli hizo husafiri hadi kwenye mapafu.

Sasa, stima inaingia wapi? Kwanza kuna kisa cha ajabu. Mwaka 1965 Barnett Rosenberg na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, walieleza jinsi walivyopitisha stima katika maji yenye bakteria. Bakteria waliacha kugawanyika, wakawa wanarefuka tu kama tambi. Kumbe si stima! Vyuma vya kupitishia stima vilikuwa vya platinamu, nayo ilikuwa ikiyeyuka polepole na kuunda kemikali mpya. Saratani ni seli zinazogawanyika ovyo, kwa hivyo kemikali hiyo ikajaribiwa. Ndiyo dawa ya sisplatini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1978, na leo ni mojawapo ya dawa kuu za osteosakoma. Zamani, kwa kukata mguu pekee, alipona chini ya mgonjwa mmoja kati ya watano. Kwa dawa na upasuaji, ugonjwa ukigunduliwa kabla haujaenea, hupona karibu wawili kati ya watatu katika nchi zenye vifaa vya kutosha.

Njia ya pili ni stima yenyewe. Dawa ya bleomisini ni kali mno ikiwa ndani ya seli, ila utando wa seli huizuia, kama mgeni aliyefungiwa lango. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Lluis Mir na wenzake huko Ufaransa walianza kulifungua lango hilo kwa stima. Mgonjwa hutiwa dawa, kisha uvimbe hupigwa mipigo minane, kila mmoja sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, volti 1,000 hivi kwa kila sentimita. (Ya nyumbani ni 240 tu na inaua, kwa hivyo usijaribu!) Vitundu hufunguka, dawa huingia.

Ulaya imetumika kwa vivimbe vya ngozi, ikiwemo sakoma ya Kaposi tunayoijua Afrika Mashariki, na huko Bologna, Italia, kwa saratani iliyosambaa hadi mifupani. Kwa osteosakoma haijachukua nafasi ya kisu na sisplatini. Basi mtu akileta sokoni kimashine cha betri ati kinanyonya saratani, muulize ni dawa gani anayotia kwanza.

Kwetu safari huanza kwa eksirei, Nyamira au Kisii. Picha ikitia shaka, kipande cha uvimbe hutolewa kikapimwe, na mgonjwa hutumwa Kenyatta, Nairobi, au Moi, Eldoret.